Homa Ikishuka, Macho Yabaki kwa Mtoto

Matini ya mazungumzo na wazazi na walezi wasemao Kiswahili wakaao Dubai Silicon Oasis, kuhusu dalili na vipimo vya damu vya homa ya dengue kwa watoto

 

Nimeombwa nizungumze nanyi kuhusu homa ya dengue kwa watoto. Mimi si tabibu. Kazi yangu ni tafsiri, na mara nyingi hukaa kati ya daktari na mzazi, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake amemwelewa. Nitakayoyasema yamo katika miongozo wanayoifuata matabibu, hasa ule wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009. Langu ni kuyaweka katika Kiswahili kinachoeleweka.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilimfasiria mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa na dengue, siku ya nne ya homa. Daktari alisema kwamba mtoto sasa anaingia katika kipindi ambacho jina lake, kwa lugha aliyoitumia, hubeba maana mbili: umuhimu na hatari. Mimi nikatamka "kipindi muhimu". Mama akatabasamu. Homa ilikuwa imeshuka asubuhi ile, mtoto alikuwa ameketi, na yeye akasikia kwamba lililobaki ni kupumzika tu. Akaanza kufunga mkoba. Muuguzi alipomwona akiufunga ndipo nilipotambua nililolifanya, nikarudi kuketi na kumwambia, "Mama, nimekosea. Daktari anasema kwamba hatari inaanza sasa." Mtoto akalazwa, akapewa maji ya mshipani, akarudi nyumbani salama. Tangu siku hiyo nasema "kipindi cha hatari", wala sitafuti neno lililo laini zaidi.

Hilo ndilo lililonileta mbele yenu. Katika maradhi mengi tuliyolelewa nayo, homa ikishuka tunashukuru na kulala. Katika dengue, siku homa inaposhuka ndiyo siku ya kutolala.

Huenda mtu akauliza, dengue na sisi tunaoishi kati ya maghorofa ya Silicon Oasis, pembeni mwa jangwa, tunahusiana wapi? Tunahusiana kwa njia mbili. Ya kwanza ni safari. Shule zinapofungwa, watoto wetu huenda Dar es Salaam, Unguja, Mombasa na Malindi, na huko dengue si mgeni. Dar es Salaam ilipata milipuko mwaka 2010, 2014 na 2019. Mombasa ilipata mwaka 2013 na miaka iliyofuata. Mtoto akiumwa na mbu mwenye virusi, homa humtokea baada ya siku 4 hadi 10. Maana yake ni kwamba anaweza kuumwa na mbu akiwa kwa bibi yake Magomeni, akapanda ndege mzima wa afya, kisha akaanguka na homa hapa, akiwa ameshaanza shule. Njia ya pili ni mbu wa hapa hapa. Mnaikumbuka mvua ya tarehe 16 Aprili 2024, kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa nchini mwaka 1949, ambayo huko Khatm Al Shakla, Al Ain, ilipita milimita 250 kwa muda usiotimia siku moja. Maji yalituama kwa siku nyingi, na baada ya hapo Wizara ya Afya na Kinga iliendesha kampeni ya kuangamiza mazalia ya mbu na kuwatahadharisha watu juu ya dengue.

Tena jina lenyewe si geni katika lugha yetu. Wapo wanazuoni wanaoamini kwamba neno "dengue" lina asili yake katika Kiswahili cha pwani, katika "kidingapopo". Dk. James Christie, tabibu Mskoti aliyekuwa Unguja, aliandika mwaka 1872 juu ya mlipuko aliouona huko kisiwani mwaka 1870, na akaeleza kwamba wazee waliutambua kwa kuwa uliwahi kupita miaka ya 1820. Watafiti wa baadaye wamesema kuwa kwa maumivu yale ya viungo, yamkini ugonjwa ule ulikuwa chikungunya, ambayo nayo jina lake ni la Kimakonde. Nalitaja hili kwa sababu hata leo homa hizi mbili hufanana mno siku za mwanzo, na anayeweza kuzitenganisha kwa yakini ni maabara, si jicho la mzazi wala la daktari.

Sasa dalili. Homa ya dengue huanza ghafla na kwa nguvu, aghalabu nyuzi 39 hadi 40, na hudumu siku 2 hadi 7. Mtu mzima atalalamika kichwa, maumivu nyuma ya macho, na mifupa kana kwamba imepondwa. Mtoto mdogo hana maneno hayo. Yeye atalia, atakataa chakula, atatapika, atashika tumbo. Uso na kifua huweza kuwa vyekundu. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi, hivyo mtazameni ndani ya midomo, viganjani na katika nyayo, na mshikeni ngozi muone kama ina joto na harara. Kwa watoto wachanga homa kali yaweza kuleta degedege. Mafua na kikohozi vyaweza kuwepo pia, na hapo ndipo wengi hudanganyika wakadhani ni mafua ya kiyoyozi.

Hesabuni siku. Naomba hili lifanyike kwa kalamu, si kwa kumbukumbu. Siku homa ilipoanza ni siku ya kwanza. Andikeni tarehe na saa. Daktari atawauliza, kwa sababu kipimo cha kuchagua, na maana ya majibu yake, vyote hutegemea hiyo ni siku ya ngapi. Nimesikia mara nyingi baba akisema "juzi" na mama akisema "tangu Ijumaa", ilhali tofauti kati ya siku ya tatu na ya tano ni tofauti kubwa sana katika ugonjwa huu.

Kuhusu dawa nitasema kwa ufupi na kwa mkazo. Homa hutulizwa kwa parasetamoli, ile inayouzwa hapa kwa majina ya Panadol au Adol, kwa kipimo kinachofuata uzito wa mtoto na si umri wake, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Msimpe ibuprofeni, wala diklofenaki, wala aspirini. Dawa hizo huongeza uwezekano wa kutokwa damu, nazo huumiza tumbo. Tazameni pia vidonge vya mchanganyiko mnavyoletewa kutoka nyumbani ndani ya masanduku. Baadhi vina aspirini ndani yake na jina la nje halisemi hivyo. Wala msimpe dawa ya malaria mkijikisia. Umoja wa Falme za Kiarabu ulithibitishwa kuwa huru na malaria mwaka 2007, kwa hiyo daktari wa hapa huenda asiiwaze. Ninyi ndio wa kumwambia, "Mtoto alikuwa Tanga wiki iliyopita," ili vyote viwili, malaria na dengue, vipimwe. Malaria nayo huteremsha chembe sahani za damu, kwa hiyo majibu ya hesabu ya damu pekee hayatoshi kuzitenganisha.

Nirudi kwenye kipindi cha hatari. Kati ya siku ya 3 na ya 7, homa hushuka hadi nyuzi 38 au chini ya hapo. Watoto wengi, na hili lisisahaulike, huanza kupona tangu saa hiyo. Lakini kwa wachache mishipa midogo kabisa ya damu hulegea na kuanza kuvuja. Kinachovuja si damu nyekundu, bali maji ya damu, yale ambayo kitaalamu huitwa utegili. Hutoka mishipani yakaingia tumboni na kifuani, kuzunguka mapafu. Chembe nyekundu hubaki ndani ya mishipa, na damu ikawa nzito kama mchuzi uliokaukia jikoni. Uvujaji huu hudumu saa 24 hadi 48. Ukiwa mkubwa na maji hayakurudishwa kwa wakati, shinikizo la damu huporomoka na viungo hukosa damu. Kifo cha mtoto katika dengue mara nyingi hupitia njia hii. Wengi husubiri kuona damu puani kabla ya kushtuka, na mtoto anaweza kufika katika hatari kubwa pasipo tone la damu kuonekana nje.

Kwa hiyo dalili za onyo zijulikane na kila mtu nyumbani, hata dada anayebaki na watoto ninyi mkiwa kazini. Maumivu ya tumbo makali au yasiyokoma. Kutapika tena na tena, hasa mara tatu au zaidi kwa siku moja. Damu katika fizi au puani, matapishi yenye damu, choo cheusi kama lami. Kuhema kwa haraka, au tumbo kujaa. Mtoto kulegea kupita kawaida, au kinyume chake, kutapatapa na kukosa utulivu asijue anachotaka. Ubongo unaokosa damu hufanya hivyo, na wazazi hudhani ni udeko. Mikono na miguu baridi ilhali kiwiliwili kina joto. Kutokwenda haja ndogo kwa saa 4 hadi 6. Mojawapo ya hizi ikitokea, msingoje asubuhi, wala msingoje baba atoke kazini. Kwa mtoto asiyetimiza mwaka mmoja msingoje hata dalili hizo: homa yenyewe ni sababu tosha ya kumpeleka. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyewahi kuugua dengue. Virusi hivi vina aina nne. Kuugua aina moja hakumkingi mtu na nyingine kwa muda mrefu, na ugonjwa wa mara ya pili huelekea kuwa mkali zaidi.

Huenda hospitalini mkaona muuguzi akifunga mkono wa mtoto kwa kifaa cha kupimia shinikizo la damu na kukiacha kimebana dakika tano nzima. Hakusahau. Anatafuta vidoadoa vyekundu: vikitokea 10 au zaidi ndani ya mraba wa takriban sentimita 2.5, ni ishara kwamba mishipa midogo imedhoofika. Kipimo hiki husaidia lakini hakikati shauri, na mtoto anaweza kuwa na dengue bila vidoadoa hivyo.

Ndipo tunafika kwenye karatasi ya maabara, ambayo wengi mmenitumia picha zake usiku wa manane mkiniuliza "hii nyekundu ina maana gani". Karatasi hizo huandikwa kwa Kiingereza, na herufi zake ni chache, hivyo tuzijue.

WBC ni chembe nyeupe za damu. Katika dengue hizi ndizo hushuka mapema, mara nyingi siku ya 2 au ya 3, chini ya 4,000 au 5,000. Maambukizi mengi ya bakteria huzipandisha. Kwa hiyo homa kali pamoja na chembe nyeupe zilizoshuka humfanya daktari aanze kufikiri dengue hata kabla ya kipimo chenyewe. Msishangae akisita kuandika antibiotiki. Haziui virusi.

PLT ni chembe sahani, zile zinazoziba jeraha. Kawaida ni 150,000 hadi 450,000 katika kila mikrolita moja, na mashine aghalabu huandika kwa maelfu, kwa hiyo mkiona 95 ni 95,000. Katika dengue hushuka, na kushuka chini ya 100,000 kwa kasi ni jambo la kuangaliwa sana. Lakini hapa pana kishawishi. Tarakimu hii ndiyo iliyoshika nyoyo za watu. Jamaa hupigiana simu kutoka Sharjah hadi Muscat kutafuta majani ya mpapai na wachangiaji wa damu, "zimefika 40!", na wanaliacha lile lililo zito zaidi. Chembe sahani zikishuka bila mtoto kutokwa damu, miongozo haipendekezi kumwongezea kwa ajili ya kupandisha tarakimu tu. Zitapanda zenyewe. Daktari akikataa kuziongeza, sivyo kwamba anabania dawa au bima.

Lililo zito ni HCT, hematokriti. Ni sehemu ya damu inayochukuliwa na chembe nyekundu, kwa asilimia. Maji ya damu yakivuja, sehemu hiyo hupanda. Ikipanda kwa humusi moja, yaani asilimia 20 ya ilivyokuwa mwanzo, ni ushahidi kwamba uvujaji umekuwa mkubwa. Tazameni maneno "ilivyokuwa mwanzo". Chukueni mtoto mwenye upungufu mdogo wa damu, kama walivyo wengi. Siku ya pili ya homa HCT yake ilikuwa 31. Siku ya tano ni 38. Mashine haitaweka alama nyekundu kwenye 38, kwani kwa watoto ni kiwango cha kawaida kabisa. Lakini kutoka 31 hadi 38 ni kupanda kwa zaidi ya asilimia 22. Mtoto huyu anavuja, na karatasi ya siku ya tano peke yake inasema mzima.

Ndiyo maana nawasihi msitupe karatasi ya kwanza. Tunayo desturi, nami sijitoi, ya kuanza kwenye kliniki ndogo karibu na nyumba, kisha kuhamia kwingine tusiporidhika, na kule kwingine tunafika mikono mitupu kwa kuona haya kusema tulipitia kwa mwenzake. Daktari wa pili hukosa kitu cha kulinganisha. Pigeni picha kila karatasi, iwekeni kwenye simu ya baba na ya mama.

Ndiyo maana pia damu huchukuliwa tena na tena, kila siku, na katika kipindi cha hatari hata kila baada ya saa chache. Nimewasikia wazazi wakisema mtoto anamalizwa damu, au kwamba hospitali inazidisha vipimo ili ipate fedha za bima. Kinachochukuliwa ni kiasi kidogo sana, na faida yake iko katika mfuatano: tarakimu moja ni picha, tarakimu nne ni mwendo. Hematokriti ikipanda huku chembe sahani zikiporomoka, maji ya mshipani hurekebishwa saa hiyo hiyo. Hematokriti ikishuka ghafla na mtoto hali yake ikiwa mbaya, daktari hushuku kwamba kuna damu inayotoka ndani.

Vipo vimeng'enya vya ini pia, AST na ALT, ambavyo hupanda kwa watoto wengi wenye dengue bila ini kuharibika kwa kudumu. Vikifika 1,000 huhesabiwa kuwa dengue kali. Na vipo vipimo vya kuthibitisha ugonjwa wenyewe. NS1 hutafuta kipande cha kirusi, nacho huonekana vyema tangu siku ya 1 hadi kama ya 5. IgM hutafuta kingamwili, nazo huanza kuonekana karibu na siku ya 5. Kwa hiyo IgM iliyotoka hasi siku ya pili haisemi kwamba hakuna dengue, kama vile NS1 hasi ya siku ya saba isivyosema. Hapo ndipo mtakapoishukuru ile tarehe mliyoiandika kwa kalamu.

Wapo wenye hofu nyingine, isiyosemwa hadharani: kwamba mtoto akipatikana na dengue, ukaazi wa familia utaingia matatani. Dengue si miongoni mwa magonjwa yanayopimwa kwa ajili ya viza ya ukaazi. Hospitali hutoa taarifa kwa idara ya afya ili mbu watafutwe mahali mnapokaa. Wala dengue haipiti kwa kugusana, kula pamoja au kulala kitanda kimoja. Hupita kwa mbu, na ndiyo sababu mgonjwa akingwe na mbu katika siku za homa, asije akawa chanzo kwa ndugu zake.

Daktari akiridhika kwamba mtoto anaweza kuuguzwa nyumbani, kazi yenu ni maji. Maji ya chumvichumvi ya pakiti, dafu, uji mwepesi wa mchele, supu, kidogo kidogo na mara kwa mara, hata kijiko kimoja kimoja kwa anayetapika. Maji matupu peke yake kwa wingi hayafai. Vinywaji vyekundu na vyeusi, Vimto na sharubati za rangi hiyo, viwekeni kando. Mtoto akitapika hamtajua kama ni kinywaji au ni damu. Hesabuni mara anazokojoa. Siku za kupona, hamu ya chakula hurudi, na ngozi huweza kutokwa na upele unaowasha, mwekundu wenye mabaka meupe, ambao matabibu huufananisha na visiwa vyeupe ndani ya bahari nyekundu. Huo usiwatishe. Katika karatasi, chembe nyeupe hupanda kwanza, kisha chembe sahani hufuata.

Kuhusu mbu neno moja. Huyu huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya magharibi, na hutaga katika maji safi yaliyotuama: sahani za vyungu vya maua, ndoo ya maji ya kiyoyozi kwenye roshani, chombo cha paka. Kutoka yai hadi mbu ni kama siku 7 hadi 10, hivyo chagueni siku moja ya wiki, kwa wengi wetu Ijumaa asubuhi, mwage maji na kusugua kingo za chombo, kwani mayai hugandia kwenye kingo na hustahimili ukavu kwa miezi.

Gari la wagonjwa ni 998. Mkipiga, anzeni kwa kusema umri wa mtoto, siku ya ngapi ya homa, lini mara ya mwisho alikojoa, na kama alisafiri. Mazalia ya mbu katika majengo yaripotiwe kwa usimamizi wa jengo, na kwa Manispaa ya Dubai kupitia 800900.